Pedi na jostiki za mashine za michezo za zamani: kuzifufua, kuzitafuta, kuzitengeneza

Plagi yenye matundu tisa imewadanganya wengi. Atari 2600 ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa na soketi ya pini tisa, na baada yake Commodore 64, Amiga, MSX, ColecoVision, Sega Master System, Mega Drive na nakala nyingi zisizo na jina za Famicom ya Nintendo zikafuata umbo lilelile. Plagi ya moja huingia kwenye nyingine bila hata kusukumwa. Kinachotofautiana ni umeme unaopita ndani. Kwenye Atari volti 5 zimo pini ya 7; kwenye Mega Drive zimo pini ya 5, na pini ya 7 ni waya ambao mashine hutumia kuuliza ni vitufe vipi isomewe. Kwa hiyo, iwe unanunua pedi iliyotumika, unaagiza mpya au unajitengenezea sanduku lenye vitufe vikubwa vya mashine za ukumbini (arcade), swali la kwanza ni moja: kila waya ndani ya kebo hii una kazi gani?

Kabla ya hapo kuna swali la kujiuliza hata kabla ya kufungua pochi.

Hakikisha imekufa kweli

Pedi nyingi zinazotupwa zina ugonjwa mmoja kati ya mitatu: waya umekatika ndani ya kebo, raba za vitufe zimechoka, au bodi imechafuka. Chipu kuungua hutokea, lakini ni mara chache, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alichomeka pedi pasipo pake.

Waya hukatika pale unapokunjwa kila siku: sentimita chache za kwanza kutoka kwenye ganda la pedi, au pale kebo inapoingia kwenye plagi. Fungua pedi, weka multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye kipimo cha mlio, gusa ncha moja pale waya ulipolehemiwa kwenye bodi na nyingine kwenye tundu la plagi. Tundu ni jembamba kuliko ncha ya mita, kwa hiyo chomeka kwanza sindano ya kushonea au mguu wa rizista (kipande kinachozuia umeme) uliokatwa, ndipo uguse. Sasa kunja kebo taratibu, ukisogea kutoka mwanzo hadi mwisho. Mlio ukikatika na kurudi, umefika. Kama ni upande wa pedi, kata sentimita 5 hadi 10 kupita pale palipovunjika, chuna nyaya na uzilehemu upya. Kebo itapungua urefu kidogo, basi. Kama ni upande wa plagi na plagi imefinyangwa kwa plastiki moja na kebo, hiyo haifunguki. Utaikata na kuweka plagi mpya ya kulehemu.

Jostiki ya Atari ya CX40 ni rahisi kuliko zote, maana nyaya zake hazikulehemiwa: zina vibano vinavyochomolewa kwenye pini za bodi. Rangi ni nyeupe kwa juu, bluu kwa chini, kijani kwa kushoto, kahawia kwa kulia, rangi ya chungwa kwa kufyatua, na nyeusi ndiyo waya wa pamoja. Kebo mpya hubadilishwa kwa dakika tano bila moto. Ndani yake, badala ya raba, kuna vikombe vidogo vya bati vilivyobandikwa kwa tepu juu ya bodi, na juu yake kipande cha plastiki chenye mikono kinachovibonyeza. Ukisukuma juu kwa nguvu zote na mchezaji hasogei, huku kushoto na kulia kukiwa salama, kwa kawaida ni plastiki hiyo iliyopasuka, si umeme. Vipuri vyake bado vinatengenezwa, pamoja na bodi zenye mguso uliopakwa dhahabu.

Raba zinahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo watu huharibu zaidi ya walichokikuta. Chini ya kila kitufe cha pedi za NES na SNES za Nintendo, Master System na Mega Drive kuna kidonge cheusi chenye kaboni. Ukibonyeza, kidonge huunganisha njia mbili za bodi. Hakiunganishi kama waya: kina ukinzani, na ukinzani huo hupanda kadiri kaboni inavyolika. Ndani ya pedi kila kitufe kina rizista inayouvuta waya kwenye volti 5, na chipu hukubali kuwa kitufe kimebonyezwa pale volti inaposhuka chini ya asilimia 30 hivi. Rizista ikiwa ya kiloomu 38 (omu 38,000), raba ina ruhusa ya kufika kiloomu 16 kabla ya kitufe kuanza kukataa. Ndiyo maana kitufe kilichochoka hakifi ghafla. Kinataka kubonyezwa kwa nguvu zaidi kila mwezi, mpaka kidole kiume.

Weka ncha za mita juu ya kidonge, milimita mbili hivi kati yake. Mamia machache ya omu ni afya njema. Makumi ya maelfu ni uzee. Kusafisha, tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kijiti cha pamba. Futa mara mbili tatu bila kusugua, acha ikauke. Upande wa bodi, angalia rangi. Mguso wa shaba au wa dhahabu unaweza kupanguswa kwa ufutio laini wa penseli. Mguso mweusi ni kaboni iliyopakwa, na ufutio utaiondoa yote. Huo ni wa pamba na alkoholi peke yake. Ushauri wa kubandika karatasi ya alumini chini ya raba hauna maisha. Alumini hushika kutu nyembamba isiyopitisha umeme, gundi hulegea, na kipande kikihama hufunga njia mbili zisizohusiana. Seti ya raba mpya ni suluhisho bora kuliko pedi nzima ya kuiga, kwa sababu ganda la asili, msalaba wa mwelekeo na bodi yake kwa kawaida ni vizuri kuliko vya nakala.

Pini tisa, lugha nyingi

Kwanza namba. Ukiitazama soketi ya mashine kwa mbele, upande mpana ukiwa juu, pini ya 1 iko kushoto na ya 5 kulia. Chini ni 6 hadi 9. Plagi ya pedi ukiitazama usoni, mpangilio unageuka kama kwenye kioo. Ukiitazama kwa nyuma, pale unapolehemu, unarudi kufanana na soketi. Plagi nyingi zina namba ndogo sana karibu na kila tundu. Tafuta kwa tochi kabla ya kubahatisha.

Mpangilio wa Atari, ambao Commodore 64 na Amiga waliufuata, ni huu: 1 juu, 2 chini, 3 kushoto, 4 kulia, 6 kufyatua, 7 volti 5, 8 waya wa pamoja. Pini za 5 na 9 ni za vidude vya kuzungusha (paddle). Hakuna chipu. Kubonyeza ni kuunganisha pini husika na ya 8, hakuna kingine.

Master System inafuata mwelekeo uleule, kitufe cha 1 kwenye pini ya 6 na cha 2 kwenye pini ya 9, lakini volti 5 ziko pini ya 5. Kwa kuwa pedi yake ya kawaida haitumii umeme, inafanya kazi kwenye Atari bila shida, na kwenye Amiga inakupa hata kitufe cha pili. Kinyume chake pia kinawezekana, ila jostiki ya Atari haina kitufe cha 2, na michezo mingi ya Master System inakihitaji.

Mega Drive ndiyo yenye mtego. Pedi yake ina chipu inayolishwa kupitia pini ya 5. Kwenye Master System inakubali, B ikiwa kitufe cha 1 na C cha 2. Kwenye Atari 2600 kwa kawaida inakubali pia. Kwenye Commodore 64, usiichomeke bila adapta. Nyaya za jostiki za kompyuta hiyo zimegawana njia na kibodi, na chipu ya pedi inaweza kusukuma volti kwenye njia ambayo kompyuta inaivuta chini. Chipu ya CIA inayosimamia njia hizo ndiyo inayoumia. Inaweza kustahimili mara kumi na kufa ya kumi na moja, na hizo kumi za mwanzo ndizo zinazowafanya watu waseme haina shida.

MSX ina volti 5 kwenye pini ya 5, vitufe kwenye 6 na 7, na waya wa ardhi, yaani wa pamoja, kwenye pini ya 9. Pini ya 8 inaongozwa na kompyuta. Jostiki ya Atari isiyo na vikorombwezo hufanya kazi, lakini yenye kitufe cha kufyatua mfululizo inatafuta umeme pini ya 7, na hapo hakuna. ColecoVision ina nyaya mbili za pamoja, pini ya 5 na ya 8, kwa sababu ina kibodi ya namba. Jostiki ya Atari itakusogeza na kufyatua kwa kitufe kimoja, ila michezo mingi huanza kwa kuchagua ngazi kwa namba, kwa hiyo pedi ya asili lazima iwepo pembeni. ZX Spectrum +2 ya Amstrad na TI-99/4A zina soketi ya umbo hilohilo na mpangilio wao wenyewe kabisa. Zote mbili zinataka adapta.

Halafu kuna nakala za Famicom zilizosambaa duniani kote. Nyingi zina plagi ya pini tisa, na pedi zake huongea lugha ya Nintendo, ambayo Atari na Sega hawaielewi hata kidogo. Pedi ya namna hiyo isiguse mashine ya Atari, Sega wala Commodore. Hata kati ya nakala zenyewe mpangilio hutofautiana, kwa hiyo fungua na upime.

Kununua

Mpya zipo. Atari ilipotoa 2600+ mwaka 2023 ilileta pia jostiki ya CX40+, yenye plagi ileile ya matundu tisa. Retro-Bit hutengeneza pedi za Mega Drive kwa leseni ya Sega. 8BitDo huuza vipokezi visivyo na waya vya NES, SNES na Mega Drive, pamoja na bodi za kubadilisha moyo wa pedi ya asili ili itumike bila kebo. Kwa anayependa kujitengenezea, BlueRetro ni programu huria inayokaa kwenye bodi ndogo ya kielektroniki iitwayo ESP32 na kuunganisha pedi za kisasa za Bluetooth na mashine nyingi za zamani. Fremu moja ya mchezo ni milisekunde 16.7 kwa televisheni ya herzi 60 na 20 kwa ya herzi 50. Pedi isiyo na waya huongeza ucheleweshaji wake, na kwenye televisheni ya kisasa ambayo nayo inachelewesha, jumla yake huonekana katika michezo ya kuruka kwa vipimo. Kwa mashindano, waya.

Kwa pedi ya mitumba, picha za ndani zina thamani kuliko maneno ya muuzaji. Omba picha ya bodi. Chipu yenye miguu inayoonekana inarekebishika. Tone jeusi la gundi juu ya bodi linamaanisha nakala ya bei ya chini, na likifa halina dawa. Angalia pia skrubu zilizoliwa vichwa, dalili kwamba mtu ameshapita humo. Pedi ya Mega Drive ya vitufe sita ikigoma kwenye baadhi ya michezo ya mwanzo, usiirudishe bado: shikilia kitufe cha Mode unapowasha mashine, itajifanya ya vitufe vitatu.

Kebo za kurefusha ni chanzo kingine cha hasira. Kebo ya kompyuta ya pini tisa inafanana, lakini nyingine hazina nyaya zote tisa, nyingine zimepishanishwa makusudi, na karibu zote zina nati za skrubu na mabega mapana yanayogonga ukingo wa mashine kabla plagi haijakaa. Atari 2600 na Mega Drive zina nafasi finyu hapo. Tafuta plagi yenye kofia nyembamba ya plastiki isiyo na skrubu, au kata mabega kwa msumeno mdogo.

Sanduku la kujitengenezea: lisilo na chipu

Hili linatosha kwa Atari 2600, Commodore 64, Amiga na Master System. Linahitaji jostiki ya ukumbini yenye swichi nne, kitufe kimoja au viwili, plagi yenye matundu tisa, kebo ya nyaya zisizopungua saba, na sanduku. Jostiki ya Sanwa JLF ni chaguo linaloeleweka: ina kiunganishi cha nyaya tano, yaani mielekeo minne na waya wa pamoja. Vitufe vya Sanwa huja kwa tundu la milimita 30 au 24, na ndimi zake za kuchomekea nyaya ni za milimita 2.8; vitufe vya mtindo wa Kimarekani, kama vya Happ, vina ndimi za milimita 4.8. Vibano vya nyaya vifuate ndimi, la sivyo vitachomoka katikati ya mchezo.

Toboa tundu la milimita 24 kwa ajili ya mti wa jostiki na la 30 kwa kila kitufe. Ubao wa milimita 12 hadi 18 ni mnene mno kwa vitufe vya kubana: ama uchonge kwa chini hadi ubaki milimita 3 hivi, ama utumie vitufe vya kufungwa kwa nati. Kosa hili hugunduliwa baada ya matundu yote kutobolewa.

Unganisha waya wa pamoja wa jostiki na mguu mmoja wa kila kitufe, mnyororo mmoja, hadi pini ya 8. Kisha mielekeo minne kwenye 1 hadi 4, kitufe cha kwanza kwenye 6, cha pili kwenye 9. Pini za 5 na 7 ziache tupu, na hapo ndipo usalama wa sanduku hili ulipo: bila umeme ndani yake, haliwezi kusababisha njia ya mkato ya volti 5 kwenye mashine yoyote kati ya hizo.

Kumbuka kwamba ukisukuma mti juu, swichi inayobonyezwa ni ya chini. Watu hulehemu kila kitu kinyume, kisha huanza kulaumu plagi. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka: mlio kati ya 8 na 1 unaposukuma juu, kati ya 8 na 2 unapovuta chini, na kimya kabisa mti ukiwa katikati.

NES: chipu moja na waya tano

Hapa nyaya hazitoshi kwa vitufe, kwa hiyo Nintendo waliweka chipu ya 4021 inayopokea vitufe vinane kwa pamoja na kuvisoma kimoja kimoja kwenye waya mmoja. Mashine hutuma mpigo wa kukamata, kisha mipigo ya saa, na chipu hujibu kwa mpangilio: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Kazi hiyo hufanyika kila fremu, ndiyo maana kutetemeka kwa swichi hakuna madhara yanayoonekana.

Unahitaji CD4021 moja, rizista nane za kiloomu 10 hadi 47, kapasita moja ya mikrofaradi 0.1, swichi, na kebo iliyokatwa kutoka kwenye pedi mbovu, kwa kuwa plagi ya NES haipatikani kirahisi peke yake. Miguu ya chipu iunganishwe hivi:

16 kwa volti 5, 8 kwa ardhi, kapasita kati yake, karibu na chipu iwezekanavyo.
9 kwa waya wa kukamata, 10 kwa waya wa saa, 3 kwa waya wa data.
1 kwa A, 15 kwa B, 14 kwa Select, 13 kwa Start.
4 kwa juu, 5 kwa chini, 6 kwa kushoto, 7 kwa kulia.
11 kwa ardhi.

Kila mguu wa kitufe uvutwe kwenye volti 5 kwa rizista yake, na kitufe kiuunganishe na ardhi kinapobonyezwa. Mguu wa 11 usiachwe ukielea. Baada ya vitufe vinane, mashine ikiendelea kusoma hupata chochote kilichopo hapo, na baadhi ya programu hutegemea jibu la pedi ya asili.

Kwenye kebo za asili za NES nyeupe ni volti 5, kahawia ni ardhi, nyekundu ni saa, rangi ya chungwa ni kukamata na njano ni data. Nyekundu si umeme! Kwenye SNES rangi zilezile zimehama: njano ni saa na nyekundu ni data. Kwenye nakala, rangi hazina maana yoyote. Tafuta mwenyewe: ardhi ndiyo njia pana inayogusa upande mmoja wa vitufe vyote, na kama kuna chipu yenye miguu, fuatilia kutoka mguu wa 16, 10, 9 na 3.

Ukibonyeza kitufe kimoja na viwili vikaitika, tafuta risasi ya kulehemia iliyomwagika kati ya miguu ya chipu. Vitufe vyote vikionekana vimebonyezwa kwa pamoja, huenda rizista hazijapata volti 5. Ukibonyeza kitufe kimoja kikaitika kingine, huenda saa ina kelele: fupisha kebo iwe chini ya mita 3 na uhakikishe kapasita ipo. Na kwa kuwa swichi za ukumbini zina ukinzani karibu na sifuri, rizista ya kiloomu 10 inafaa. Ukitumia raba za zamani, panda hadi 47 ili zisikatae mapema.

SNES huongea lugha ileile kwa biti 16. Vitufe vyake vya kwanza ni B, Y, Select, Start na mielekeo, kwa hiyo pedi ya SNES iliyounganishwa waya kwa waya na plagi ya NES inafanya kazi moja kwa moja, B ikiwa A na Y ikiwa B. Ni adapta isiyohitaji sehemu hata moja ya ziada, na kwa mikono mingi ina raha kuliko pedi ya asili yenye kona kali.

Mega Drive ya vitufe vitatu

Chipu ni 74HC157, swichi nne za njia mbili zinazoongozwa na waya mmoja. Pini ya 7 ya plagi iende mguu wa 1 wa chipu. Waya huo ukiwa juu, mashine inasoma B kwenye pini ya 6 na C kwenye pini ya 9. Ukiwa chini, inasoma A na Start mahali palepale, huku kushoto na kulia zote zikionyeshwa chini kwa pamoja, ishara kwamba pedi ya Mega Drive ipo. Juu na chini hupita moja kwa moja kwenye pini 1 na 2, bila kuingia kwenye chipu.

A iende mguu wa 2, B wa 3, matokeo yake mguu wa 4 kwenye pini ya 6. Start mguu wa 5, C wa 6, matokeo mguu wa 7 kwenye pini ya 9. Mguu wa 11 ardhi, kushoto wa 10, matokeo wa 9 kwenye pini ya 3. Mguu wa 14 ardhi, kulia wa 13, matokeo wa 12 kwenye pini ya 4. Miguu ya 8 na 15 ardhi, wa 16 volti 5 kutoka pini ya 5, kapasita kama ile ya NES. Rizista ya kiloomu 10 kwa kila kitufe. Ukisahau mguu wa 15, chipu huenda ikanyamaza kabisa, na huo ndio uzembe wa kwanza wa kuangalia.

Vidude vya kuzungusha

Kidude cha kuzungusha cha Atari ni potensiomita (rizista inayobadilika inapozungushwa) ya megaomu 1, viwili kwenye plagi moja. Mguu mmoja wa kila potensiomita uende pini ya 7, wa katikati uende pini ya 5 au 9. Vitufe vyake huunganisha pini za 3 na 4 na ya 8. Kitufe cha mchezaji mmoja kikifyatua kwa mwenzake, badilishana waya za 3 na 4. Picha ikizunguka kinyume na mkono, hamisha waya wa pini ya 7 kwenye mguu wa pili wa nje.

Potensiomita lazima iwe ya mstari. Kwa watengenezaji wengi wa Asia hiyo ina herufi B, kwa mfano B1M au B105. Ya herufi A ni ya sauti za redio: itasogea polepole upande mmoja na kuruka upande mwingine. Za Commodore zilikuwa za kiloomu 470, kwa hiyo kidude cha Atari kwenye Commodore 64 hufika ukingo wa kioo kikiwa nusu ya mzunguko.

Kutetemeka kwa picha kunatokana na uchafu kwenye njia ya kaboni. Pulizia dawa ya kusafishia potensiomita kwenye upenyo wa nyuma, zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara 30, acha ikauke kabla ya kuwasha. Mafuta ya kulainisha bawaba hayafai hapo.

Mti wa Nintendo 64

Unga mweupe kuzunguka mti si vumbi; ni plastiki ya mti na bakuli lake zikisagana. Mti hausomwi kwa potensiomita bali kwa magurudumu mawili yenye nafasi yanayokata mwanga, na chipu ya pedi huhesabu hatua kutoka pale mti ulipokuwa wakati wa kuwasha. Kwa hiyo mchezaji akitembea mwenyewe, usianze kwa kufungua skrubu: acha mti katikati, bonyeza L, R na Start kwa pamoja, hesabu inaanza upya.

Mti ukilegea kweli, safisha unga wote kwa kijiti cha pamba kikavu, badilisha bakuli na gia kwa vipuri vipya, paka grisi nyepesi isiyodhuru plastiki, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Miti ya kubadilisha yenye potensiomita hudumu, ila mingi husukuma namba kubwa kuliko ya asili, na mchezaji hukimbia kabla hujamaliza kusukuma. Chagua yenye marekebisho ya kiwango, na usitupe mti wa asili.

Bunduki za mwanga

Bunduki kama Zapper ya NES husubiri mwanga wa televisheni ya kioo kinene, kwa wakati halisi wa mshale wa elektroni unapopita. Televisheni bapa huchelewesha picha na haina mshale huo, kwa hiyo bunduki nzima kabisa itaonekana mbovu. Ijaribu mbele ya televisheni ya zamani kwanza. Ikikosa kila kitu hata huko, safisha lenzi iliyo mdomoni, kisha angalia swichi ya kifyatulio, ambayo huchoka kabla ya kihisio cha mwanga.